Upepo umeangusha dishi? Kagua haya kabla ya kununua jipya, na ujue TV ya bure inapatikanaje

Masika yakianza Machi, na vuli ikianza Oktoba, mafundi wa madishi huwa hawapumziki. Upepo unavuma usiku mmoja tu, asubuhi simu zinaanza kuita: TV inaonyesha giza, dishi limepinda, dishi limedondokea kwa jirani. Watu wa Mafia, Kilwa na Lindi wanalijua hili vizuri zaidi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na hata baada ya kupungua nguvu kiliacha upepo mkali na mvua kubwa ukanda wa pwani.

Wengi wakiona dishi liko chini wanachukua hela na kwenda dukani kununua seti nzima. Hapo ndipo hasara inapoanza. Dishi lenyewe ni sahani ya bati tu, halina umeme ndani yake, halina programu, haliishi muda. Kinachokufa mara nyingi ni vitu vidogo vinavyolizunguka. Na kuna swali lingine ambalo watu hawajiulizi wakati huo wa hasira: kwa yale wanayoyatazama pale nyumbani, dishi linahitajika kweli?

Kwanza, usipande juu

Bati lililolowa linateleza kuliko sakafu ya sabuni. Kama upepo bado unavuma au radi inapiga, dishi lisubiri. Hakuna taarifa ya habari yenye thamani ya mguu uliovunjika.

Hatari kubwa zaidi ni nyaya za umeme. Dishi likiangukia waya wa TANESCO, au nguzo yake ya chuma ikiegemea waya huo, usiliguse, usilivute kwa kamba mbichi, wala usimtume kijana wa mtaani akalitoe kwa fimbo. Waya wa dishi unaoingia ndani nao unaweza kupitisha umeme huo mpaka kwenye TV. Watu wakae mbali na vyote viwili, TANESCO wapigiwe simu waje wakate umeme kwanza.

Hata kama hakuna waya karibu, kisimbuzi kichomolewe kwenye soketi kabla mtu hajaanza kufungua kitu kule juu. Kisimbuzi kinapeleka umeme mdogo, volti 13 au 18, kupitia waya wa dishi ili kuwasha LNB. Umeme huo hauui mtu, lakini nyuzi za waya zikigusana wakati umewaka, kisimbuzi kinaweza kuungua. Hapo tatizo la LNB linakuwa tatizo la kisimbuzi pia.

TV inasema nini?

Kabla ya kupanda popote, soma maandishi yaliyo kwenye skrini. Kwa wenye DStv, E48-32 maana yake kisimbuzi hakipati mawimbi, kwa hiyo shida iko kwenye dishi, LNB au waya. E16 ni kitu kingine kabisa: kifurushi kimeisha au hakijafunguliwa. Kuna watu wamelipa fundi apande juu ya paa kumbe kifurushi kilikatika usiku uleule wa mvua.

Kampuni nyingine zina maandishi yao, ila karibu kila kisimbuzi kina ukurasa wa mawimbi kwenye menyu wenye mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wake. Wengi wanatazama nguvu. Wa maana ni ule wa ubora. Nguvu inaweza kusoma asilimia 70 huku ubora ukiwa sifuri, na hiyo kwa kawaida inaonyesha LNB inapata umeme na waya ni mzima, ila dishi linatazama sehemu tupu ya anga au setilaiti nyingine. Mistari yote miwili ikiwa sifuri, mtuhumiwa wa kwanza ni waya, wa pili ni LNB.

Kuna hali ya tatu ambayo si uharibifu kabisa. Picha inaganda mvua kubwa inaponyesha, ikikatika tu picha inarudi. Visimbuzi vyetu vingi vya dishi vinatumia mawimbi ya Ku, yenye urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na matone makubwa ya mvua yanayameza. Wingu zito likipita, mambo yanarudi sawa. Kama picha inapotea hata kwa manyunyu, hapo dishi limeyumba kidogo na linaomba kurekebishwa.

Kagua kuanzia chini kwenda juu

Anza na waya, kwa sababu ndio rahisi. Fungua koneka nyuma ya kisimbuzi. Ule uzi wa katikati uwe unang'aa rangi ya shaba. Ukiwa umeingia kijani au weusi, maji yameshapita. Waya wa dishi ukiingiwa na maji juu, maji yanashuka taratibu ndani yake kama kwenye mrija, na wengine wamekuta yanadondoka kwenye kisimbuzi. Kata sentimita 10 za mwisho, tazama, kata tena mpaka ufike kwenye shaba safi, kisha funga koneka mpya. Usipofika kwenye shaba safi ndani ya mita moja, badilisha waya wote. Kuunga waya katikati kwa kuukunja na solotepu ni kujitafutia safari nyingine ya fundi.

Halafu LNB, lile jicho linalokaa mbele ya dishi kwenye mkono wake. Kifuniko cha plastiki cha mbele kikiwa kimepasuka, maji yameingia na inabidi ibadilishwe. Mkono ukiwa umepinda, hata LNB nzima haitafanya kazi vizuri, kwa sababu jicho limetoka mahali ambapo dishi linakusanya mawimbi. Njia nyepesi ya kupima ni kuazima LNB ya jirani mwenye dishi la aina ileile kwa dakika 10. Ikishika, tatizo limepatikana, na LNB ni sehemu ndogo tu ya bei ya seti nzima.

Mwisho ndiyo dishi lenyewe. Hapa kuna kipimo ambacho mafundi wachache hukifanya mbele ya mteja, labda kwa sababu kinapunguza biashara. Chukua nyuzi mbili. Vuta moja kutoka ukingo wa juu hadi ukingo wa chini, nyingine kutoka kushoto hadi kulia, zote zikazwe vizuri na zipite katikati. Kwenye dishi zima, nyuzi hizo zinagusana pale zinapokutana. Zikiachana, au moja ikiisukuma nyingine, badilisha ipi iko juu na upime tena. Pengo la milimita moja au mbili linavumilika. Pengo la sentimita moja linaonyesha dishi limepinda, na kulinyoosha kwa nyundo hakusaidii, kwa sababu kila mbonyeo unatupa mawimbi pembeni. Hilo ndilo la kubadilisha.

Kutu ya juujuu, mikwaruzo na rangi iliyobanduka havina neno. Kutu iliyokula kwenye kibanio cha nyuma, pale dishi linaposhikana na nguzo, hiyo ndiyo ya kuogopa. Upepo unaofuata utaanzia hapo.

Kwa nini kuyumba kidogo kunaua picha yote

Setilaiti za TV ziko juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000. Kwa umbali huo, dishi likikosea nyuzi moja tu ya pembe, linatazama sehemu iliyo zaidi ya kilomita 600 kando ya setilaiti. Dishi la kawaida la nyumbani, la sentimita 80 au 90, lina uwanda wa kama nyuzi mbili tu. Kwa lugha ya mkononi: ukingo wa dishi la sentimita 85 ukisogea sentimita moja na nusu, tayari ni nyuzi mbili. Kwa macho dishi linaonekana liko palepale, ila kwenye kisimbuzi hakuna kitu.

Ndiyo maana mitaani madishi yanatazama pande tofauti. Azam TV wako kwenye setilaiti ya nyuzi 7 Mashariki, na kutoka Dar es Salaam hiyo iko upande wa magharibi, ikiegemea kaskazini kidogo, kwenye mwinuko wa nyuzi 52 hivi. Mwanza iko magharibi zaidi, kwa hiyo setilaiti hiyohiyo inaonekana juu zaidi, karibu nyuzi 60. DStv kwa ukanda huu wako nyuzi 36 Mashariki, na kwa mtu wa Dar hiyo iko karibu na utosi, nyuzi 81. Fundi aliyezoea mkoa mmoja akihamia mwingine na kufunga kwa mazoea, atahangaika.

Jambo moja linawachanganya wengi. Madishi haya yana jicho lililokaa chini, si katikati, kwa hiyo uso wa dishi hautazami setilaiti moja kwa moja. Mawimbi yanatoka juu zaidi ya pale dishi linapoonekana kuelekea. Mtu akilielekeza kwa macho kama anavyoelekeza tochi, hatapata chochote.

Kulirudisha kunahitaji watu wawili. Mmoja anakuwa juu, mwingine ndani akiangalia mstari wa ubora huku simu iko sikioni. Mwinuko unawekwa kwanza kwa kufuata namba zilizochongwa kwenye kibanio, kisha dishi linazungushwa kushoto au kulia polepole sana, milimita chache, halafu linasubiriwa sekunde kadhaa. Kosa la wengi ni haraka. Kisimbuzi kinachukua muda kutambua mawimbi, na anayezungusha kama feni anaipita setilaiti mara tano bila kujua. Ubora ukipanda, nati zinakazwa kwa zamu, huku mtu wa ndani bado anatazama, maana kukaza kwenyewe kunasogeza dishi. Mwisho kabisa LNB inazungushwa kidogo kwenye kishikio chake mpaka ubora ufike juu kabisa.

Kama kweli jipya linahitajika

Dishi halina kampuni. Nembo iliyochorwa juu yake ni tangazo tu, na setilaiti haijui limeandikwa nini. Dishi zima la kampuni moja linaweza kutumika kwa kisimbuzi cha kampuni nyingine, mradi ukubwa unatosha, LNB ni ya aina inayotakiwa na limeelekezwa kunakohusika. Kwa hiyo anayeuziwa seti kamili, yenye kisimbuzi kipya na kadi mpya, wakati kisimbuzi chake cha zamani ni kizima, ananunua kitu asichohitaji. Aulize bei ya dishi peke yake. Kariakoo na maduka mengi ya vifaa vya umeme mikoani huliuza hivyo.

Kwenye LNB, nenda na ile ya zamani mkononi. Nyingi za Ku zina namba 9.75 na 10.6 zimeandikwa pembeni. Ukiuziwa ya C, ile yenye mdomo mpana iliyotengenezwa kwa madishi makubwa, haitashika hata ukiielekeza vipi.

Sehemu ya kufunga ina maana kuliko dishi lenyewe. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unasukuma dishi la sentimita 85 kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 30. Kasi ikishuka hadi nusu, nguvu inashuka hadi robo. Kwa hesabu hiyo, misumari miwili kwenye mbao ya paa haitoshi. Ukuta wa tofali imara, kwa fisha na bolti ndefu, unashika vizuri. Bora zaidi ni bomba la chuma lililochimbiwa ardhini na kumwagiwa zege, kama kiwanja kinaruhusu na miti haizibi anga. Faida yake nyingine ni kwamba mvua ijayo hakuna atakayepanda juu ya bati.

Bomba lisimame wima kabisa, lipimwe kwa pima maji pande mbili. Likilala kidogo tu, namba za mwinuko kwenye kibanio zinakuwa uongo. Waya nao uachiwe mkunjo unaoning'inia chini kidogo kabla ya kuingia ndani, ili maji yadondoke pale badala ya kufuata waya hadi sebuleni. Koneka ya juu ifungwe kwa mkanda wa mpira usiopitisha maji.

Fundi akija, mkubaliane bei kabla hajapanda, na ile ya kazi itenganishwe na ya vifaa. Akisema LNB imekufa, akuachie hiyo iliyokufa. Akimaliza, akuonyeshe ukurasa wa mawimbi, na upige picha kwa simu. Siku picha ikisumbua tena, utakuwa na namba za kulinganisha.

Sasa swali la pili: dishi la nini?

Hapa ndipo nyumba nyingi zinaweza kuokoa hela. Kaa chini na familia, andikeni chaneli ambazo kweli zilitazamwa mwezi uliopita. Kama orodha ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku, tamthilia moja, mahubiri ya Jumapili au mawaidha ya Ijumaa na katuni za watoto, inawezekana kabisa antena ya kawaida ikatosha.

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, kwa kuanzia na Dar es Salaam. Wengi wanakumbuka zile chenga zilizojaa kwenye TV za chogo na foleni za kununua ving'amuzi. Kilichosahaulika ni kwamba TV ya bure haikufa siku ile. Ilihamia dijitali. Vituo kama TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV na EATV vinarushwa kutoka minara ya ardhini, na vinashikwa kwa antena, bila setilaiti yoyote.

Vinavyohitajika ni viwili. Cha kwanza ni TV au kisimbuzi chenye uwezo wa DVB-T2. TV nyingi bapa zinazouzwa sasa zinao ndani, na herufi hizo zinaandikwa kwenye boksi, kwenye kibandiko cha nyuma au kwenye kitabu chake. Uangalie kwa makini: DVB-T bila ile 2 ni teknolojia ya zamani na haitasoma mawimbi ya T2. Cha pili ni antena ya UHF, ile yenye vijiti vilivyopangwa kama mfupa wa samaki.

Kuhusu kuielekeza, hakuna haja ya ramani. Tazama antena za majirani zinaelekea wapi, kisha elekeza huko. Ya ndani, inayowekwa juu ya TV, inafanya kazi kwa aliye karibu na mnara. Kwa wengine, iwekwe nje na juu ya usawa wa bati, maana bati linazuia mawimbi vibaya sana. Tofauti na analojia, hapa hakuna picha ya chenga. Inakuja safi, au inagandaganda vipande vipande, au haiji kabisa. Ikigandaganda, ongeza urefu wa mlingoti kabla ya kununua mashine ya kuongeza mawimbi. Mashine hizo zinakuza hata uchafu.

Baada ya hapo ni kutafuta chaneli kwenye menyu ya TV, upande wa antena, na kusubiri. Zitakazofungwa zinahitaji kisimbuzi cha kulipia. Zitakazofunguka ni za bure, na zitabaki bure mwezi ujao.

Kasoro ya antena ni moja, lakini ni kubwa: mnara. Mawimbi haya yanafika mijini na maeneo ya jirani, ila kilima kimoja kinatosha kuyazuia, na vijiji vingi viko nje ya uwezo wake. Kabla ya kununua chochote, uliza jirani mwenye antena anashika chaneli ngapi. Ofisi za kanda za TCRA nazo zinaweza kusema kama eneo limefikiwa. Pale ambapo antena haifiki, dishi linabaki kuwa njia pekee, na hela ya kulikarabati si ya kupotea.

Visimbuzi vya kulipia vikiisha kifurushi

Watu wengi wana kisimbuzi cha kampuni ya kulipia lakini hawalipi kila mwezi, wanategemea zile chaneli za ndani zibaki. Hapa panahitaji umakini, kwa sababu leseni zinatofautiana. Agosti 2018 watazamaji wa baadhi ya visimbuzi vya dishi walijikuta chaneli za ndani zimeondolewa, baada ya TCRA kueleza kuwa leseni za kampuni hizo za kulipia haziwaruhusu kubeba chaneli za bure. Mzozo ulikuwa mkubwa, na wengi walijikuta na visimbuzi viwili sebuleni.

Kwa hiyo swali la kuuliza dukani si "kina chaneli ngapi?" bali "kifurushi kikiisha, zipi zinabaki?" Muuzaji azitaje kwa majina, na kama inawezekana akuwashie kisimbuzi ambacho hakijalipiwa. Ukiwa StarTimes, uliza pia ni kisimbuzi cha antena au cha dishi, kwa sababu wanauza vyote na kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Setilaiti za bure

Kuna visimbuzi visivyo na kampuni, vinavyoitwa FTA, ambavyo vinashika chochote kilichorushwa wazi kutoka setilaiti. Mtu mwenye dishi ambalo tayari limeelekezwa anaweza kukiunga na kutafuta chaneli. Zenye alama ya dola kwenye orodha zimefungwa, zisizo na alama ni za wazi. Ukweli usemwe: kwa dishi dogo, za wazi huwa chache na nyingi si za nyumbani.

Wanaopata nyingi ni wenye madishi makubwa ya mawimbi ya C, ya mita 1.8 hadi 2.4, yale ya wavu yanayoonekana kwenye nyumba za wageni na misikiti. Setilaiti ya Intelsat 20, nyuzi 68.5 Mashariki, inajulikana kwa chaneli za wazi za kimataifa na za dini. Mawimbi ya C ni marefu zaidi kuliko ya Ku, kwa hiyo mvua haiyasumbui sana, na wavu unaachia upepo kidogo upite. Lakini dishi la mita 2.4 ni karibu mara nane ya eneo la lile dogo. Bila zege la maana, kimbunga kitalichukua kama mwavuli.

Ukiambiwa kuna kisimbuzi cha FTA "kinachofungua kila kitu" kwa kulipia sava kidogo kwa mwezi, huo ni wizi wa matangazo. Ni kosa kisheria, na siku kampuni inapobadilisha funguo zake chaneli zinazima, na aliyekuuzia hapatikani kwenye simu.

Na kwenye simu je?

Vituo vingi vinarusha habari na vipindi moja kwa moja YouTube. Hiyo ni bure kwa jina tu, bando linalipwa. Video ya ubora wa kawaida, 480p, inakula takribani nusu GB au zaidi kidogo kwa saa. Ukipanda hadi 720p, inafika GB 1 na kuendelea. Saa moja ya habari kila jioni, kwa mwezi, ni GB 15 hadi 20. Piga hesabu ya bando hilo, ulinganishe na bei ya antena ambayo inanunuliwa mara moja. Kwa mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, hesabu ni nyingine, na TV yenye YouTube ndani inaweza kumtosha bila mlingoti wowote.

Simba na Yanga

Hapa ndipo mipango mingi ya kubana matumizi inapovunjika. Mechi za Ligi Kuu zinaonyeshwa na Azam, ambao mwaka 2021 walisaini na TFF mkataba wa miaka 10. Anayetaka kuziona nyumbani moja kwa moja, kila wiki, atahitaji kisimbuzi chao na kifurushi. Antena peke yake haitamsaidia, na ni vizuri lisemwe mapema kabla dishi halijauzwa chuma chakavu.

Wapo wanaochanganya: antena kwa kila siku, na dishi lililokarabatiwa linalolipiwa miezi ya ligi tu, mengine ya mwaka kifurushi kinalala. Wengine wanatazama mechi kwenye kibanda umiza na nyumbani wanabaki na chaneli za bure.

Kwa wapangaji

Kabla ya kuchimba shimo au kutoboa ukuta, ongea na mwenye nyumba, na mkubaliane nani atachukua dishi mkataba ukiisha. Kama dishi lililoanguka ni la mwenye nyumba na linahudumia vyumba kadhaa, usilirekebishe kimyakimya kwa hela yako ukitegemea kukata kwenye kodi. Piga picha uharibifu, mtumie, subiri jibu lililoandikwa, hata la WhatsApp. Na likiwa limevunja gari au bati la jirani, picha hizo zitahitajika zaidi.

Radi

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ikitoa tahadhari ya mvua kubwa na upepo, chomoa vitu viwili nyuma ya TV: waya wa umeme na waya wa dishi au antena. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa sababu nyaya zote mbili bado zimeunganishwa. Fanya hivyo kabla ngurumo hazijakaribia, si wakati zinapiga. Kisha zunguka nje, kaza nati za kibanio, na uondoe LNB kama dishi limefungwa mahali pa chini panapofikika kwa mkono. Inachukua dakika tano, na kuirudisha ni dakika tano nyingine.